Mpisheni, Anapita

Nianze kwa jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni majigambo. Nimezaliwa Jambiani, nimekua na kamba za mwani mikononi, na nimejisomesha mwenyewe. Nilikwenda Maskati kutumikia nyumba za watu, kutoka hapo nikafika Uswidi, nikawa nafagia madarasa alfajiri na kusoma ndani ya madarasa yaleyale mchana, mpaka nikatoka na stashahada ya ukocha wa mpira wa miguu. Hakunishika mkono mtu. Niliporudi Unguja nilikabidhiwa timu ya taifa ya wanawake. Atakayekwambia kwamba ile ilikuwa timu kabla yangu, muulize ilikuwa ikifanya mazoezi siku ngapi kwa wiki.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu maradhi yangu yalijificha nyuma yake. Kama nyumbani kwako yupo mtu anayepotea dakika mbili kisha anarudi na kuapa kwamba hakwenda popote, au kama mtu huyo ni wewe, basi haya nimekuandikia wewe.

Yalianza na harufu ya udi. Sasa, Mji Mkongwe harufu ya udi si dalili ya kitu. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri kichochoro chetu cha Kajificheni hufuka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mama yangu, ambaye nilimhamishia mjini niliporudi, hafungi wiki bila chetezo. Kwa hiyo nilipousikia udi, nilidhani ni jirani. Nilipousikia katikati ya kiwanja, saa kumi za jioni, jua kali na upepo wa kaskazi ukituvumia usoni, nilidhani umo kwenye nguo zangu. Nilipousikia ndani ya choo cha uwanja wa ndege, sikudhani kitu. Nilinawa mikono nikatoka.

Siku moja nilimwuliza mama, aliyekuwa amekaa sakafuni akichambua mchele.

"Mama, umefukiza?"

"Leo Jumatatu, Mize."

"Nnajua leo Jumatatu. Umefukiza?"

"Sikufukiza." Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Hakunitazama mimi, alitazama mlango nyuma yangu. "Harufu nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi ni mgeni mwenye heshima zake," akasema, akarudi kwenye mchele.

Nilicheka. Miaka kumi na mbili Ulaya ilinifundisha kucheka mambo kama hayo.

Baada ya harufu zikaja nafasi tupu. Birika nililoliweka jikoni nikalikuta limekauka na kuungua kitako, na mimi nimesimama palepale mbele yake. Nikawa nimeshika ngazi ya juu nyumbani, kisha niko chini, mkono wangu umeshika komeo la mlango, na kivuli cha ukuta wa pili kimeshahama. Nilijiambia ni uchovu. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano ya ukanda, ambayo kwa timu yetu ndiyo kila kitu, maana kuna meza kubwa za mpira duniani ambako nchi yetu ndogo haina kiti. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote kukaa kwenye benchi lile. Kocha anayepotea-potea hapewi benchi. Hilo nililijua bila kuambiwa, na ndiyo sababu sikumwambia mtu.

Mwisho wa kaskazi nikaanza kuona kitu kwa wachezaji wangu.

Tulikuwa tukifanya mazoezi ya kuzuia mpira wa adhabu. Watu watano wanasimama ukuta, bega kwa bega. Hilo mtoto wa skuli analijua. Wasichana wangu walisimama watatu, kisha mwanya, kisha wawili. Mwanya wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja.

"Zibeni hapo!" nikapiga kelele.

Wakaziba. Nikapuliza kipenga, nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikainuka. Mwanya umerudi.

Nikawapanga upya kwa mikono yangu, bega hili kwa bega lile. Hawakubisha. Msichana wa ishirini, ishirini na mbili, anayekimbia na mabeki wa kiume mtaani kwao, mabega yake yalikuwa yakitetemeka chini ya viganja vyangu kama ya kuku aliyeshikwa. Wiki iliyofuata nikakuta wanapoingia kiwanjani wanapishana na kuacha njia katikati. Nikakuta chupa ya marashi ya mawaridi ndani ya mfuko wa mipira. Nikauliza ya nani. Semeni, nahodha wangu, akasema ni yake.

"Ya kazi gani?"

"Ya kunukia, Kocha."

Semeni ni mtu anayevaa jezi moja mazoezi matatu mfululizo. Nilimtazama, naye akainamisha macho. Sikuendelea. Niseme kweli: niliogopa kuendelea.

Kabla ya masika ilikuja timu ya wanawake kutoka bara kucheza nasi mechi ya kirafiki. Tulikuwa sawa bila bao mpaka dakika za mwisho, wakapata mpira wa adhabu nje kidogo ya boksi. Ukuta wangu ukasimama. Watatu. Mwanya. Wawili. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Mpira ukapigwa ukapita palepale, chini, tena si kwa kasi kubwa. Lakini siyo bao lililonitia baridi. Ni kipa wangu. Hakuruka. Alisogea pembeni hatua moja, ameinamisha kichwa, kama unavyompisha mtu mzima kwenye kichochoro.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo niliwafokea.

"Nani kakufundisheni ukuta wenye mlango? Stashahada yangu imeandikwa wapi kwamba ukuta una mlango?"

Winga wangu, mdogo kuliko wote, akafungua mdomo. "Si wewe mwenyewe, Kocha, ulosema tu..."

"We, nyamaza," Semeni akamkata. "Vaa buibui lako twende."

Wakavaa wote kwa pamoja, wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyefika mlangoni aligeuka upande kidogo kabla ya kupita. Nikabaki peke yangu na harufu ya udi.

Nilikwenda kwa daktari masika yalipoanza, siku ya mvua ya kufunga vichochoro, nikijua kwa mvua kama ile hakuna atakayeniona. Daktari mwenyewe ni mwanamke wa mjini, wa ukoo wa Kihindi wa wauza vitambaa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kwenye chumba cha kungojea tulikuwa watu wengi, miavuli ikidondosha maji sakafuni. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa shamba. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Nshakuitikia mara tatu, mwanangu," akasema taratibu.

Nikatazama chini. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, na mkoba wangu, uliokuwa begani mwangu, ulikuwa mapajani pake ameukumbatia.

"Ulitaka kuuacha chini kwenye maji," akasema. "Mimi nimekushikia. Kaa tu, watakuita."

Sijui jina lake. Katika maradhi yale yote, sidhani kama yupo aliyenisaidia zaidi, na alifanya hivyo bila kuuliza kitu.

Daktari aliuliza mengi, kisha akaweka kalamu chini.

"Haya, Bi Mize. Nani aliyekuona ukiwa katika hali hiyo?"

"Hakuna."

"Unaishi peke yako?"

"Na mama yangu."

"Hajakuona?"

"Hajasema."

"Kazi yako kocha. Una wachezaji wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Macho arubaini na nne," akasema, "na hakuna aliyekuona? Nenda kawaulize. Mimi siwezi kutibu kitu ambacho hakuna aliyekiona, na wewe ndiye mtu mmoja asiyeweza kukiona."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Kuwauliza ilikuwa ni kukiri. Leo nitauliza, kesho itajulikana, keshokutwa benchi lina mtu mwingine. Kilichonitoa nyumbani ni siku niliyozinduka nimesimama katikati ya barabara ya Darajani, gari zimesimama pande zote mbili, hakuna hata moja inayopiga honi. Wamesimama tu wananitazama.

Semeni anashona sare za skuli kibarazani kwao, Mwembetanga. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Semeni, nnataka unambie kitu."

"Kitu gani, Kocha?"

"Nikipotea, huwa nafanya nini?"

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. "Mama kakataza."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba yangu na timu yangu zilikuwa zikizungumza bila mimi. Niwaeleze wasiojua. Kwetu kusini mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, na kiti hakiambiwi alichokisema aliyekikalia. Anaambiwa fundi, yaani mganga wa pepo, naye ndiye anayejua la kufanya. Ukimwambia kiti mwenyewe, unawatia hatarini wote wawili. Semeni alikuwa amemwendea mama tangu kaskazi, kwa heshima, kumweleza. Mama akamwambia: usimwambie, na akikuamrisheni jambo akiwa hivyo, litiini.

"Nilikuamrisheni nini?"

Akatoa simu ndani ya mkoba. "Nilikupiga video kwa ajili ya fundi. Mama yako alisema fundi anataka kuona. Nisamehe, Kocha."

Nimeitazama picha ile mara moja tu, na bado naiona. Kiwanja, jua la alasiri. Nimesimama, kipenga kinaning'inia. Midomo yangu inatafuna kitu kisichokuwepo. Mkono wa kulia unachuna-chuna jezi. Kisha nasema, kwa lafudhi ya kusini, ile lafudhi niliyoifuta ulimini mwangu kwa miaka:

"Mpisheni, anapita. Mpisheni, anapita."

Wasichana wanagawanyika pande mbili. Mimi nageuza kichwa polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, nikifuata kitu. Na vichwa vyao vyote vinageuka pamoja na changu, kwa mwendo uleule, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka mwisho wa kiwanja.

Kwa nini kichwa changu kiligeuka, daktari alinieleza baadaye, na sitawachosha. Kwa nini vyao viligeuka, hakuna aliyenieleza.

"Mliona nini?" nilimwuliza Semeni. Sauti yangu haikuwa sauti ya kocha.

"Hatukuona kitu."

"Mbona mmegeuka?"

"Tuliona unavyomtazama," akasema.

Simu iliyokuwa iende kwa fundi ilikwenda kwa daktari. Aliitazama huku ameshika kidevu, akaitazama tena, akasema jina: kifafa. Si kile cha kuanguka na kutoka povu, kingine, kinachomwacha mtu wima. Nilipotoka nje niliona haya kuliko siku niliyofagia choo cha kwanza Maskati.

Masika yote nilikuwa kwenye vidonge. Vya kwanza vilinitoa vipele mwili mzima, vya pili vikanivimbisha ufizi na kunilaza kama mtoto mchanga, nikawa nasinzia nimeshika kijiko. Nilikatazwa kuendesha vespa yangu, kuogelea, kupanda ngazi bila mtu. Nilinenepa mpaka suruali za mazoezi zikakataa. Udi haukuondoka. Nilipigwa picha za kichwa bara, ndani ya ule mtambo unaogonga kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi, na zikaonyesha kivimbe kidogo, kitulivu, kimekaa mahali kilipojichagulia. Wakasema kitolewe.

Tuligombana na mama kama hatujagombana maisha yetu yote.

"Ulikwenda kwa wazungu ukarudi na karatasi," akasema. "Mimi nilibaki hapa na wanaopita. Nnawajua."

"Mama, ni nyama. Nimeiona kwenye picha. Kama punje ya kunde."

"Haya. Wakishaikata hiyo kunde, atakayetoka ni nani na atakayebaki ni nani? Hilo wamekuonyesha kwenye picha?"

Mwisho tulikubaliana hivi: mimi nitakunywa kombe, yeye atavuka nami bara. Mwalimu wa Kurani akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, nikanywa siku saba, asubuhi pamoja na vidonge. Sikuwa naliamini kwa ajili ya kunde. Lakini kwa siku saba mama yangu alinishikia sahani kwa mikono miwili na hatukugombana, na hilo si dawa ndogo.

Kipupwe kilikuwa kimeingia nilipolazwa. Muuguzi aliponinyoa nusu ya kichwa, mama aliziomba nywele zangu zote, hata za sakafuni, akazifunga kwenye kitambaa. Alikwenda nazo mwenyewe Jambiani baadaye kuzizika, asizipate mtu.

Nilipozinduka, uso wangu ulikuwa umevimba mpaka jicho moja halifunguki. Jina langu nilikuwa nalo. Majina ya vitu vingine yalikuwa yamekwenda. Nilitaka maji nikasema "goli". Lakini kilichonitisha hakikuwa hicho. Kwa siku tatu mama hakuniita kwa jina. Alinitilia uji kwenye kikombe kizuri, akanipa kwa mikono miwili, akasema "Karibu," kama anavyomwambia mgeni. Aliniuliza maswali kwa ujanja: kamba ya kwanza ya mwani tulifunga wapi, jirani yetu wa mashariki alikufa kwa nini. Nilipochelewa kujibu, kwa kuwa maneno hayakuwepo, alirudisha kiti chake nyuma kidogo. Nikalala pale nikamtazama mama yangu ananiogopa, na nikaanza kujiuliza na mimi. Hutegemei mtu mzima aliyezunguka dunia kujiuliza swali hilo, lakini nilijiuliza: mimi ndiye niliyerudi?

Siku ya nne alinipa chai.

"Mama," nikasema, "chai hii ina sukari ya kumuua mtu. Kila siku nakwambia."

Akaweka kikombe chini. Akalia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Huyu ni Mize," akawaambia. "Huyu Mize wangu huyu, na mdomo wake."

Nilirudi Unguja vuli ikikaribia, kilemba kichwani, natembea kama niko juu ya mashua. Harufu ilikuwa imekwenda. Nywele zilizoota juu ya kovu ziliota nyeupe. Maneno yalirudi moja moja, bila mpango. "Kona" ilirudi kabla ya "Ijumaa".

Wakati wote huo timu ilikuwa mikononi mwa Semeni. Hana cheti hata cha kuhudhuria. Nilikwenda kuwatazama nikiwa nimejiandaa kuona uharibifu, nikakaa nyuma ya goli wasinione. Wakapanga ukuta. Walisimama watano, wameshikana. Baadaye aliniambia alivyofanya: hakuwafokea, hakuwaambia hakuna kitu. Kila mazoezi alikwenda kusimama mwenyewe ndani ya mwanya, mpira ukampiga tumboni, usoni, popote, kisha akawaambia, "Mnaona? Nipo." Alifanya hivyo mwezi mzima, mpaka mmoja akaja kusimama pembeni yake. Stashahada yangu haina somo hilo.

Kamati iliniita. Wakubwa watatu nyuma ya meza, wote wapole, hakuna aliyethubutu kutaja ugonjwa. "Ukishapumzika," walisema. "Hali yako hiyo." "Mambo ya kichwa." Niliwaelewa: kama nitakubali kwamba nilifanyiwa "upasuaji mdogo", benchi lingali langu. Kama nitalitaja jina lenyewe, itabidi kupita mwaka bila tukio ndipo wanitazame upya kwa ukocha mkuu, na wa kuushika mwaka huo nitamtaja mimi. Walikuwa wakinifungulia mlango kwa nia njema. Nikawaambia nitawajibu.

Nilikaa nalo siku mbili. Nilikumbuka wasichana ishirini na wawili waliojua na hawakusema, kwa sababu wakubwa wao waliwafundisha kwamba jambo hili halisemwi mbele ya mwenyewe. Wako wangapi kama mimi wamesimama barabarani na gari zimewasimamia kimya?

Fomu za mashindano zilijazwa katika ofisi yenye feni inayosaga, mbele ya karani mwenye miwani, mtu wa makamo, mstaarabu sana.

"Haya, Bi Mize. Maradhi ya kudumu." Akanitazama kilemba. "Hapa tuache wazi tu."

"Usiache wazi."

"Basi niandike maumivu ya kichwa."

"Andika kifafa."

Aligeuka akatazama mlango kama umefungwa. "Bi Mize. Hii karatasi inakwenda mbali. Wataisoma watu."

"Ndiyo maana nakwambia andika."

Niliona kwamba anaona haya kwa niaba yangu, nikamwacha aone mpaka amalize. Kisha akaandika, herufi ndogondogo. Nikamwomba aikoleze. Akaikoleza.

"Sasa cheo," akasema, bila kuinua macho. "Nikuweke wapi?"

"Kocha msaidizi."

"Na kocha mkuu ni nani?"

Nikamtajia jina la Semeni, la baba yake na la babu yake, nikamsomea polepole, asije akalikosea.